Kwa Nini Nilimkinga Baba Kabula

Ngokolo, Shinyanga

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta umeamka na nguvu, na lile goti la kulia limekubali ile dawa ya kuchua niliyompa dada wa kwaya akuletee. Mihogo ya bondeni mmeivuna, au nguruwe pori wamewatangulia tena? Na yule mbuzi mwekundu amezaa? Sisi huku, mimi na Kabula, tunaamka salama. Kabula amerefuka. Anawasalimia watu wa mtaa "asalaam aleikum" kama mtoto wa madrasa, maana mwenye nyumba wetu, Bi Zainabu, ni Mwislamu, na Kabula humfuata nyuma kutwa nzima. Usishtuke, mama. Jioni bado anafanya ishara ya msalaba, ingawa huanza na bega lisilo lake.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu ya kaka Gervas haina siri, ukiongea nayo uwanja mzima unasikia. Juzi uliniuliza, "Leokadia, ni kweli ulimkinga mumeo kwa mwili wako?" Nikakujibu, "Ndiyo, mama." Kabla sijaendelea nikasikia shangazi anapiga vigelegele, kisha mtandao ukakata. Baadaye kaka akanitumia ujumbe kwamba wazee wa Baba Kabula watafika hapo Ushirombo Jumapili baada ya misa kuomba nirudishwe, na kwamba mmekubali kuwachinjia kuku, kwa sababu binti mwenyewe amesema ndiyo.

Mama, nilikubali kwamba nilimkinga. Kurudi kwake sikukubali. Mpwa wa Bi Zainabu anakuja huko kupakia mchele, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi. Soma mwenyewe, hata kama ni polepole. Usimpe Gervas akusomee, ataruka mistari.

Nianze na semina, kwa sababu wengi wanaoisimulia habari hii hawaitaji.

Kule Segese, kigangoni kwetu, kulikuwa na semina ya wanandoa. Aliyefundisha ni katekista wetu, Fabiani, pamoja na mkewe Veronika. Fabiani ni fundi cherehani pale sokoni, mtu mpole, mwembamba, na Veronika hukaanga maandazi mbele ya kibanda hichohicho. Wanawake tulijaa. Wanaume walikuwa wachache, wengine wako machimboni. Baba Kabula alikuwa kwenye duara lao, shimo lao la dhahabu, upande wa Bugarama, na hata angekuwa nyumbani asingekwenda.

Fabiani akatuambia, "Sisi tunaambiana unga umeisha, tunaambiana mtoto anachemka, basi. Mtu anazikwa hajawahi kusikia mwenzake akimwambia anampenda. Nendeni nyumbani, wiki nzima hii, kila siku mwambie mwenzako neno hilo. Usingoje akuanze." Tulicheka mpaka kina mama wengine wakafunika nyuso kwa vitenge. Lakini mimi neno lile liliniingia.

Unajua mimi na Baba Kabula hatuna lugha moja ya nyumbani. Kisukuma nakijua cha kununulia nyanya. Kisumbwa chetu yeye hukicheka. Tunaishi kwa Kiswahili, cha kuombana chumvi na cha kugombana. Cha mapenzi hatukuwa nacho. Mwaka ule tulipooana, tukiwa tunapalilia mpunga kwao, aliinuka, akanitazama, akasema, "Nakutogilwe." Mimi nikadhani anasema amechoka, nikampa kibuyu cha maji. Akanywa, akarudi kwenye mpunga. Wifi yangu ndiye aliyenieleza baadaye sana kwamba mume wangu alikuwa ameniambia ananipenda. Hakurudia tena, nami niliona haya kumkumbusha.

Siwezi kusema hakunipenda. Alikuwa akitoka shimoni amejaa vumbi mpaka kwenye kope, anachukua baiskeli kwenda kunichotea maji kabla hajakaa. Kofi aliwahi kunipiga, na wewe unajua, nilikwambia, ukanijibu nivumilie kwa kuwa ndoa ina siku zake. Nikavumilia. Siku nyingine zilikuwa nzuri.

Basi asubuhi ya kwanza baada ya semina alikuwa anakunywa uji, tochi ya kichwani ameshaifunga. Nikasema, "Baba Kabula, nakupenda."

Akashusha kikombe. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Kabula anaumwa?"

"Haumwi. Nimesema tu."

Akaondoka bila kumaliza uji. Kesho yake nikasema tena. Akanitazama muda mrefu, akanitazama mpaka miguuni, akatoka. Siku ya tatu nilipolisema tu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani anakufundisha maneno haya?"

Mama, mimi nilikuwa nimejaa haya. Nikafunika mdomo kwa khanga, nikacheka, nikasema, "Fabiani."

"Fabiani yupi?"

"Yule fundi, si unamjua."

Hakuuliza zaidi. Akatia nyundo yake kwenye kifuko, akatoka. Nami nikafagia uwanja siku ile nikiimba. Nilidhani neno limemfikia.

Saa nne alikuwa amerudi. Duarani aliwauliza wenzake habari za Fabiani, na mmoja akamwambia, bila ubaya wowote, kwamba wiki ile ameniona mara mbili kibandani kwa fundi. Ni kweli nilikwenda. Nilipeleka gauni la Kabula lifumuliwe mikono, kisha nikalifuata.

Aliingia akafunga mlango kwa komeo. Kabula alikuwa kwa jirani, namshukuru Mungu. Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni, nikaanguka juu ya ndoo. Akaniinua kwa nywele, akanigongesha ukutani, nikasikia udongo unamwagika ndani ya shingo ya blauzi yangu. Alikuwa analia, mama. Ananipiga huku machozi yanamtoka. "Sema alivyokufundisha! Sema kama ulivyomwambia yeye!"

"Ni semina," nikasema. Lakini jino lilikuwa limevunjika na damu imejaa mdomoni, neno likatoka vipandevipande.

"Semina!" akasema. "Sasa mnaita semina!"

Akanipiga teke la ubavuni mpaka nikakosa pumzi. Nilijikunja chini ya meza. Akanitoa kwa mguu. Nilimwita kwa jina lake, Sitta, jina nisilomwita kamwe, nikidhani huenda likamfikia mtu mwingine aliyemo ndani yake. Akafungua mlango, akanishika kifundo cha mkono, akaniambia, "Twende. Utayasema mbele yetu wote wawili."

Tulipita barabara ya soko jua likiwa kali, malori ya mgodini yakitutimulia vumbi. Watu walitupisha. Hakuna aliyeuliza. Mume na mke wakigombana, nani ataingia katikati? Mimi mwenyewe nimewahi kuwapisha wengine hivyohivyo.

Fabiani alikuwa kwenye cherehani anashona sare za kwaya. Alipoinua macho jua lilikuwa mgongoni kwetu. Aliona tu mume na mke wanakuja wameshikana mikono. Akatabasamu, akasema, "Karibuni, Baba Kabula! Naona lile zoezi letu limezaa matunda!"

Ni maneno hayo, mama. Baba Kabula alichomoa nyundo kwenye kifuko, akampiga nayo kwenye taya. Nilisikia mfupa unavyolia, unalia kama kuni kavu. Fabiani hakupiga kelele. Alianguka na kiti chake, kitambaa cheupe kikaanguka naye kikageuka chekundu. Nyundo ikashuka mara ya pili, ikampata mtulinga. Nilijirusha kwenye mkono wa Baba Kabula, akanitupa kwenye nguzo ya kibanda.

Nyundo ilipoinuka tena, Veronika alikuwa amekwisha fika na karai la mafuta yanayochemka. Alimmwagia lote, shingoni na mgongoni. Sauti aliyoitoa Baba Kabula sijawahi kuisikia kwa binadamu. Shati liling'ang'ania ngozi. Alianguka, akawa anajiviringisha kwenye vumbi. Veronika akapiga kelele, "Muuaji! Muuaji!"

Waliokuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kelele za karasha zinazosaga mawe ya dhahabu, walisikia mwizi.

Huko machimboni neno hilo halirudiwi mara mbili. Wanakuibia kifuko cha mawe uliyoyachimba mwezi mzima, na ukimkamata mtu hungoji mjumbe. Walikuja wanakimbia, vijana wa bodaboda, wasagaji wa karasha, na watu waliokuwa wanakula chai. Hawakumwona Fabiani chini ya cherehani. Walimwona mtu anagaagaa na nyundo pembeni yake. Mawe yakaanza. Mengine ni yale yenye ncha yanayotoka shimoni. Mmoja alimpiga gongo kwenye magoti, mwingine akaruka akamkanyaga juu ya ule mgongo ulioungua. Wanacheka, mama. Kuna waliokuwa wanacheka. Mzee mzima, mwenye kofia, akasema, "Tairi liko wapi? Mwenye pikipiki atoe petroli."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye nguzo. Hakuna aliyenishika. Njia ya kwenda kwa jirani kumchukua Kabula ilikuwa wazi. Niliiona, nakumbuka niliitazama.

Kisha nikaona kijana anakuja analivingirisha tairi, na miguu yangu ikaenda upande wa pili. Nikamlalia Baba Kabula kifudifudi. "Si mwizi! Ni mume wangu! Jamani, ni mume wangu!" Jiwe moja likanipasua hapa juu ya jicho. Nikainua mkono kujikinga, gongo likauvunja. Bado wanapiga, kwa kuwa waliokuwa nyuma hawaoni anayepigwa ni nani. Mpaka mama mmoja muuza dagaa akapiga ukelele, "Huyo ni Mama Kabula! Mnamuua Mama Kabula!" Wakasita. Mgambo wakafika na virungu, watu wakatawanyika kama waliokuwa wanapita tu.

Pale chini, Baba Kabula alifungua jicho moja. Alikuwa ananuka mafuta ya maandazi na ngozi iliyoungua. Akaninong'oneza, "Mama Kabula. Kumbe kweli."

Sikuelewa. Nilidhani anapayuka.

Tulipelekwa hospitali sote watatu kwa gari moja la mizigo, mimi nimekaa katikati. Fabiani alifungwa taya kwa waya. Veronika alikuja kitandani kwangu siku ya pili, macho yamemvimba, akaniuliza, "Mama Kabula, ungepungukiwa nini ungesema 'semina' badala ya kumtaja mume wangu?" Ningemwambia nililisema neno hilo, na damu mdomoni, na halikusaidia kitu? Nimelifikiria sana swali lake, usiku na mchana, na mwisho nimeona hivi: mtu anayevunja taya ya mwenzake kwa neno moja, lisingekuwa hilo lingekuwa lingine. Ila sikumwambia. Yeye ana haki ya kuniuliza.

Siku nyingine nilikwenda wodi ya wanaume. Baba Kabula alikuwa amelala kifudifudi, askari ameketi karibu. Aliniona, uso ukafunguka. Wagonjwa wote walikuwa wanajua habari zangu, yeye ndiye aliyewasimulia. "Huyu ndiye," akawaambia. "Mwanamke asiyekupenda atalala juu yako mawe yakivuma?" Wakaniitikia kwa kichwa kana kwamba mimi ni bibi harusi.

Akaniambia nisogee. Akanieleza, taratibu, kwa kuwa midomo bado ilikuwa imevimba. Alisema neno 'nakupenda' la Kiswahili yeye alilijua kutoka kwenye grosari za pombe karibu na karasha, ambako wasichana humwambia kila aliyetoka na mawe yenye dhahabu, na kesho dhahabu ikiisha hawamjui. "Nilipolisikia kinywani mwako," akasema, "nikajua umeshakuwa kama wao. Nikajua kuna mtu. Lakini sasa nimeona kwa macho. Maneno yanadanganya, Mama Kabula. Ulichofanya wewe hakidanganyi." Kisha akaunyosha mkono wake uliobaki mzima, ule wa nyundo, akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu tuoane, "Nami nakupenda."

Mama, nilirudi nyuma. Nilirudi mpaka nikagonga chuma cha kutundikia dripu cha mgonjwa mwingine, nusura nikiangushe. Moyo ulikuwa unanienda kama siku ile chini ya meza. Na yeye akacheka, taratibu, kwa upendo kabisa. Alidhani naona haya.

Hapo ndipo nilipojua siwezi kurudi. Kipigo nilikuwa nimekipokea, huenda ningekizoea kama wengine. Ila mwanamume akiniambia hilo neno nami nikatafuta mlango uko wapi, tutaishije? Atanitazama siku zote na kuona kile anachotaka kuona. Nikitetemeka ataita haya. Nikinyamaza ataita kukubali. Na siku nikicheka, atauliza nimefundishwa na nani.

Nilipotoka hospitali nilimchukua Kabula nikaja huku Ngokolo kwa Bi Zainabu, niliyemjua alipokuwa akileta vitenge Segese. Sikumweleza mengi. Alinitazama usoni, akasema, "Oga kwanza, ule, halafu ulale. Ukiamka utaniambia, au usiniambie." Namsaidia kwenye mgahawa wake, asubuhi chapati na supu, mchana wali. Plasta ya mkono wameitoa, vidole viwili bado vizito, lakini nasukuma chapati. Wateja wanauliza kovu la nini, najibu nilianguka.

Nilikwenda kumwona Fabiani kwake. Anakula uji kwa mrija na anaongea kwa meno yaliyofumbwa. Aliponiona aligeukia ukuta. Nikakaa. Veronika akaniletea chai. Nilipoinuka kuondoka, Fabiani akasema kitu, ikabidi arudie ndipo nielewe. Alisema, "Usiache kusali." Sijui alinisamehe au alikuwa ananiaga tu kama katekista. Sikumuuliza.

Sasa, mama, hili la Jumapili.

Baba Kabula yuko nje kwa dhamana, anakaa kwa baba yake mdogo, kesi inamsubiri. Baba mdogo ndiye atakayeongoza wazee. Wakifika wape viti, wape maji, na kuku mchinjeni kama mmeshaahidi. Ni wageni. Watawaambia, "Binti yenu alimkinga kijana wetu." Kubali. Ni kweli, nami sioni aibu. Kisha watasema, "Basi bado anampenda, turudishieni." Hapo ndipo nakuomba useme wewe. Kaka ataanza habari za ng'ombe wa mahari, wajomba wataanza habari za kanisa na kiapo. Waache wamalize, kisha uwaambie nilichokuandikia hapa.

Waambie nilimkinga kwa sababu walikuwa wanaua mtu. Angekuwa muuza dagaa ningemlalia. Waambie nilimkinga kwa sababu sikutaka Kabula akue akionyeshwa pale sokoni palipochomwa baba yake. Na wewe peke yako nakuongezea, maana siwezi kukudanganya: mapenzi yalikuwemo pia. Niliona ule mgongo nilioukanda kwa maji moto miaka yote hii, ngozi imemenyeka, na mtu anaukanyaga, nikashindwa kuvumilia. Mapenzi yale yalitosha kumzuia asife. Kunirudisha ndani ya ile nyumba hayatoshi. Kama kuna Kisukuma cha kulisema hilo, mwambie baba yake mdogo alitafute, kwa sababu mimi kwa Kiswahili nimeshindwa kumfanya mwanawe asikie.

Ile mara ya kwanza uliniambia nivumilie. Sikulaumu, mama, hata wewe uliambiwa hivyo. Lakini Jumapili usiwaambie kwamba Leokadia atavumilia. Mtoto kumwona baba yake, atamwona, mchana, nyumbani kwako, wewe ukiwepo. Hilo nimelikubali. Zaidi ya hapo mlango nimeufunga, na nimeufunga nikiwa na akili zangu zote.

Nisalimie kaka Gervas, mwambie simkasirikii, ila asiniamulie. Msalimie shangazi, dada wa marehemu baba, najua alishangilia kwa kunipenda. Wifi yangu mke wa Gervas mwambie nguo za mtoto zinakuja mwezi huu. Mjomba mlinzi wa kanisa, na mama mkubwa wa Bukombe asiyesikia vizuri, wasalimie wote, na mama mkubwa umpigie kelele sikioni asije akaambiwa mengine. Kabula anasema bibi amwekee karanga mbichi.

Watakapoanza kuulizana kama nimepata mwanamume huku mjini, maana watauliza tu, usikasirike. Wajibu kwamba binti yako ana chapati za kusukuma alfajiri.

Mungu akulinde hadi tuonane,

mwanao wa tumboni mwako,
Leokadia